Kindle ya zamani ukutani, habari za nyumba kwa watu wote wa nyumba

Assalaam aleikum. Walimu wangu, mafundi wenzangu wa Darajani, wanafunzi, na nyinyi wazazi mliokuja na watoto wenu siku ya mapumziko, ahsanteni sana kwa kuniita nizungumze.

Kifaa kilichopo mezani hapa ni Kindle, kifaa cha kusomea vitabu cha kampuni ya Amazon, iliyotoka mwaka 2011, ile yenye vitufe pembeni, isiyokuwa ya kugusa. Mwaka 2022 Amazon iliondoa uwezo wa kununua vitabu moja kwa moja kutoka kwenye Kindle za umri huu, na wengi wakazitia kwenye droo wakijua zimekwisha. Hii haijesha. Sogeeni muisome: tarehe ya leo, nyakati za sala za hapa Unguja, saa ya maji kujaa na kupwa, dalili za mvua, na chini kabisa mstari unaosema bibi ana miadi Jumanne saa tatu asubuhi. Itazameni na nyuma. Haina waya.

Zamani mambo ya nyumba yalikaa ukutani. Kila nyumba ilikuwa na kalenda ya duka, na juu yake mtu kaandika kwa kalamu: siku ya kutoa upatu, siku ya kufungua skuli, arusi ya fulani. Yeyote aliyepita ukumbini alisoma. Siku hizi mambo yale yale yamehamia kwenye simu, na simu ni ya mtu mmoja, ina neno la siri, na mwenyewe akitoka inatoka naye. Mtoto wa miaka tisa hajui kama kesho mvua itanyesha mpaka amuulize baba. Bibi hana simu kubwa, basi miadi yake ya hospitali imehifadhiwa kwenye simu ya mjukuu aliye kazini Dar. Dada anayetusaidia kazi za nyumbani ndiye anayeanika nguo na kupanga mapishi, lakini ndiye wa mwisho kuambiwa kwamba wageni watakuja. Mimi naona hili ni jambo la kutafutiwa dawa, na nusu ya dawa yake tunayo tayari kwenye madroo.

Mtaniuliza kwa nini nisitundike tableti iliyochakaa, maana hizo ziko nyingi zaidi. Jibu limo kwenye skrini yenyewe, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu ndipo uzuri wote ulipo.

Skrini ya simu inatoa mwanga, na picha isipopata umeme hata kwa sekunde moja inapotea. Wino wa kielektroniki hauko hivyo. Ulianzia katika chuo cha MIT kule Marekani, kwa Profesa Joseph Jacobson na wanafunzi wake Barrett Comiskey na J.D. Albert, na mwaka 1997 ikaanzishwa kampuni ya E Ink. Ndani ya skrini yao mna mamilioni ya vifuko, kila kimoja upana wake ni kama wa unywele wa binadamu. Ndani ya kifuko mna kimiminika angavu, na katika kimiminika hicho zinaelea chembe nyeupe zenye chaji chanya na chembe nyeusi zenye chaji hasi. Ukiuweka umeme hasi upande wa juu, nyeupe zinavutwa juu na mahali hapo panakuwa peupe. Ukiugeuza, nyeusi zinapanda na unapata nukta nyeusi. Ukiupima umeme kwa kiasi, unapata vivuli vya kijivu katikati, na kwenye Kindle hii ni vivuli 16 kuanzia nyeusi hadi nyeupe.

Halafu unaukata umeme, na chembe zinabaki pale pale zilipo. Picha inakaa saa, inakaa siku, inakaa mwezi, bila kula chochote. Nishati inatumika wakati wa kubadilisha tu. Ndiyo sababu kifaa chenye betri ndogo kinaweza kukaa ukutani muda mrefu bila chaja, na ndiyo sababu umeme wa mtaa mzima ukikatika yeye anaendelea kusomeka. Pia hakitoi mwanga wake mwenyewe. Kinasomeka kwa mwanga wa chumba, na kadiri jua linavyoingia dirishani ndivyo kinavyozidi kuwa wazi, wakati tableti hapo ungeikuta imegeuka kioo cha kujitazamia. Usiku ukumbini hakimulikii mtu usoni. Hakilii, hakitetemeki, wala hakimwiti mtu. Ukitaka habari unakifuata, ukishasoma unakwenda zako.

Ina udhaifu wake. Inapobadilika inawaka nyeusi na nyeupe mara moja au mbili kufuta mabaki ya picha iliyopita, na usipoiruhusu kufanya hivyo, maneno ya jana yanabaki kama kivuli nyuma ya maneno ya leo. Kwa hiyo msiitake ionyeshe sekunde. Kila nusu saa inatosha, na kwa nyumba nyingi hata kila saa moja.

Vifaa vipo. Sony ilitoa Librie kule Japani mwaka 2004, Amazon ikaleta Kindle ya kwanza Novemba 2007 kwa dola 399, Kobo wakafuata kutoka Canada, Barnes & Noble wakaja na Nook. Afrika navyo vilifika mapema: shirika la Worldreader lilianza kupeleka Kindle mashuleni Ghana mwaka 2010, baadaye Kenya na kwingineko. Ndugu zetu walioko Uingereza na Oman wanabadilisha vifaa kila baada ya muda, na cha zamani hakina wa kukitaka. Taarifa ya Umoja wa Mataifa kuhusu taka za kielektroniki iliyotolewa 2024 inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa vizuri hazikufika robo. Kwa Afrika haifiki asilimia 1. Mwambie ndugu yako anayekuja likizo atie Kindle yake ya zamani katikati ya nguo, na kwanza aondoe akaunti yake, maana ndani mna vitabu vyake na alama alizoweka, na hayo ni yake. Aifunge vizuri pia. Chini ya skrini mna tabaka la kioo chembamba sana, na likipasuka hakuna fundi wa kulirudisha.

Sasa kazi yenyewe.

Kanuni ninayowaomba mshike ni hii: kifaa cha ukutani kisifikirishwe. Kazi yake ni kuonyesha picha moja. Kufikiri kote kufanywe na kompyuta nyingine iliyo kwenye waifai ya nyumba hiyo hiyo, ambayo tutaiita seva. Wengi wanaoshindwa na mradi huu wameshindwa hapa. Wanataka Kindle yenyewe iingie kwenye intaneti ilete hali ya hewa, na haiwezi. Kivinjari chake ni cha zamani, hakijui usalama unaodaiwa na tovuti za leo, kwa hiyo milango yote inafungwa usoni pake. Seva ndiyo itoke nje, ilete habari, ichore picha, iiweke kwenye mtandao wa ndani kwa njia nyepesi isiyohitaji usalama ule. Kindle inaichukua na kuionyesha, basi.

Seva isiwatishe. Inaweza kuwa Raspberry Pi Zero 2 W, kibao kidogo kilichotoka 2021 kwa bei ya dola 15 kule kinakouzwa. Inaweza kuwa laptopu iliyovunjika skrini. Mimi napenda zaidi simu ya Android iliyopasuka kioo: unaweka programu ya Termux, ndani yake unaweka Python, lugha ya kuandikia programu, na simu ambayo hakuna aliyeitaka inakuwa seva yenye betri yake mwenyewe, hata umeme ukikatika haizimiki. Kwenye Python kuna maktaba ya Pillow ya kuchora picha. Kwa Kindle hii picha iwe pikseli 600 kwa 800. Kwa Paperwhite ya 2012 iwe 758 kwa 1024. Iwe ya kijivu, aina ya PNG, isiwe na sehemu za uwazi. Maandishi yawe makubwa. Simameni hatua nne kutoka ukutani, na kama mama mwenye umri wa miaka sabini hasomi bila miwani, ongezeni ukubwa na mpunguze maneno.

Kuipeleka picha kwenye skrini kuna njia mbili. Ya kwanza haivunji kitu. Kindle nyingi zina kivinjari cha majaribio kwenye menyu. Unatengeneza ukurasa wenye picha ile tu, unauambia ujipakie upya kila nusu saa, unaufungua, basi. Tatizo ni kwamba baada ya dakika kadhaa Kindle inalala na kuweka picha zake. Kwenye nyingi za kugusa, ukiandika `~ds` kwenye sehemu ya kutafutia na kubonyeza kuingiza, usingizi huo unazuiwa mpaka utakapoiwasha upya. Njia hii inakula betri kwa sababu waifai iko macho muda wote, kwa hiyo itabidi uichaji mara kwa mara. Kwa mwanafunzi anayeanza inafaa sana, maana leo hii jioni atakuwa na kitu ukutani.

Ya pili ni kuvunja kufuli la kifaa ili upate Linux, mfumo wa uendeshaji ulio ndani yake. Hapo ndipo kazi inakuwa safi. Kifaa kinaamka kwa kengele ya saa yake ya ndani, kinawasha waifai, kinachukua picha, kinaiweka kwenye skrini kwa amri ya `eips` iliyomo tayari ndani ya Kindle, kinazima waifai na kulala. Kinakuwa macho muda mfupi tu katika kila saa. Kila toleo la programu ya Kindle lina njia yake ya kufunguliwa, kwa hiyo angalieni namba ya toleo kwanza, na kabla ya yote iwekeni kwenye hali ya ndege, maana ikijisasisha inaweza kuufunga mlango mliotaka kuupitia. Mwenye Kobo ana raha zaidi. Kobo haijafungwa kwa ukali huo: unaunganisha kwa waya, unaweka faili la programu kwenye folda iliyofichwa ya `.kobo`, unaichomoa, nayo inajisakinishia. Kwenye ruta, hakikisheni masafa ya gigahazi 2.4 yamewashwa, kwani vifaa hivi vya zamani havioni yale ya 5.

Hayo ya mitambo mtayaweza, na kwa wiki moja mtanipita. Nataka nikae zaidi kwenye jambo la nini kiandikwe, kwa sababu miradi mingi niliyoiona imechorwa kwa ajili ya mafundi. Ina grafu, ina asilimia ya betri, ina bei za sarafu za mtandaoni. Bibi akiitazama haimhusu kwa lolote.

Anzeni na yale yasiyohitaji intaneti. Kwetu kifurushi kinaisha, ruta inazimika, na ubao unaotegemea mtandao kwa kila neno utakuwa mtupu siku tatu kwa wiki. Nyakati za sala ni hesabu ya jua: ukijua uko takriban nyuzi 6.2 kusini na nyuzi 39.2 mashariki, na ukijua tarehe, seva inakokotoa zote tano bila kumuuliza mtu. Chagueni pembe za jua za alfajiri na isha zinazokubaliana na msikiti wenu, na kwa alasiri wengi wetu hapa tunafuata kivuli kinapolingana na urefu wa kitu, kuongezea kile cha adhuhuri. Tarehe ya Hijria ikokotolewe pia, lakini wekeni sehemu ya kuirekebisha kwa mkono kwa siku moja mbele au nyuma, kwa sababu mwezi unaandama kwa kuonekana, na programu isitangulie kututangazia Ramadhani.

Kisha maji ya bahari. Waliozaliwa Paje na Jambiani hawahitaji kuelezwa. Kilimo cha mwani kimekuwepo huko tangu 1989, na akinamama wanaokilima wanafuata bamvua, wakati maji yanapotoka mbali wakavifikia vigingi vyao. Hapa kwetu tofauti ya maji ya bamvua huzidi mita 3, na saa ya kupwa inasogea takriban dakika 50 kila siku. Jedwali la mwaka mzima mnaliingiza kwenye seva mara moja, na ubao unawaonyesha wiki nzima ijayo: siku zipi ni bamvua, siku zipi ni maji mafu yasiyotoka mbali, na kila siku bahari inatoka saa ngapi. Mama anapanga siku ya kwenda shamba, siku ya sokoni, na siku ya kuanika.

Na saa iwe yetu. Hili nalisisitiza, kwa sababu kompyuta itawaandikia 07:00 na mtoto atasoma saa saba. Hesabu yake ni nyepesi: chukua saa ya kompyuta katika mfumo wa 24, ongeza 6, toa 12 mpaka ibaki chini ya 12, na ikibaki sifuri andika 12. Saa 7 inakuwa 13, inabaki 1, saa moja asubuhi. Saa 18 inakuwa 24, inabaki sifuri, saa kumi na mbili jioni. Ila saa za usiku zina mtego wa siku. Kompyuta inasema safari ni Jumamosi saa 03:00. Ukiandika «Jumamosi saa tisa usiku», nusu ya nyumba itajiandaa Jumamosi baada ya isha, na ndege imeshaondoka. Iambieni programu yenu kwamba kila kilicho baada ya saa sita usiku na kabla ya alfajiri kiandikwe «usiku wa kuamkia Jumamosi, saa tisa». Ni mistari mitatu ya Python, na inaweza kuokoa tiketi.

Yanayohitaji intaneti yaje baada ya hayo. Kwa hali ya hewa kuna huduma ya Open-Meteo, haidai malipo wala usajili kwa matumizi ya nyumbani. Inatosha kujua kama nguo zianikwe. Kwa mtu anayeingia baharini haitoshi, na nawaomba msiwape wavuvi ubao huu badala ya tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Upepo mkali na mawimbi makubwa yana watu wanaoyafuatilia kwa kazi hiyo.

Sehemu ya chini kabisa iachieni nyumba yenyewe. Wekeni ukurasa mdogo kwenye waifai ya ndani ambapo yeyote mwenye simu anaandika mstari mmoja ukatokea ukutani: zamu ya maji ni kesho, uniti za umeme wa Tukuza zimebaki ishirini, baba kaacha hela ya skuli kwa shangazi. Wekeni mipaka lakini. Ukuta unasomwa na wageni. Usiandike ugonjwa wa mtu, «miadi» inatosha. Usiandike siku ambazo nyumba itakuwa haina watu.

Kuna hatari moja katika kifaa hiki inayotokana na uzuri wake wenyewe. Tableti ikifa inakuwa nyeusi, kila mtu anajua imekufa. Wino huu ukiishiwa betri unabaki na picha ya mwisho, safi, yenye kupendeza, na ya uongo. Bibi atasoma miadi ya wiki iliyopita. Atasoma alasiri ya juzi. Kwa hiyo kila picha lazima iwe na maandishi yanayosomeka, sio yale madogo ya pembeni: «Imeandikwa Jumatatu saa nne na nusu asubuhi». Wafundisheni watu wa nyumbani, na watoto kwanza, kuutazama mstari huo kabla ya mingine. Na seva ikishindwa kupata hali ya hewa, isirudie ya jana kimyakimya. Iandike «hali ya hewa haijapatikana» na sehemu ile ibaki nyeupe. Ubao ambao watu hawauamini utageuzwa ukutani baada ya mwezi mmoja, na watakuwa na haki.

Mengine ni madogo. Usitundike juu ya jiko wala pale jua la saa nane linapopiga moja kwa moja. Kindle hizi zimetengenezwa kwa joto lisilozidi nyuzi 35, na sisi Februari tunakaribia hapo tukiwa kivulini. Usiiache kwenye chaja mwaka mzima, betri ya lithiamu ikikaa imejaa kwenye joto huvimba, na ikivimba inaisukuma skrini mpaka ipasuke. Ukiona mgongo umeinuka hata kidogo, zima, iondoe ndani, mpe fundi anayezijua. Fremu mwombeni seremala. Pale mtaani kwenu yupo mwenye vipande vya mti vinavyobaki, na ubao wa habari wenye fremu ya mti unakubalika na mama mwenye nyumba kuliko plastiki nyeusi iliyobandikwa kwa gundi.

Nimemaliza upande wangu. Walioleta vifaa wakae meza hii ya kushoto, wenye Kobo mbele kwa sababu hizo tutazimaliza kabla ya adhuhuri. Wenye Kindle, fungueni menyu ya mipangilio mniandikie namba ya toleo kwenye karatasi, na hali ya ndege iwe imewashwa kuanzia sasa. Wasio na kifaa, nina simu mbili za kufanyia seva na laptopu moja, tutaanza na hesabu ya saa ya Kiswahili, na nataka iandikwe na wale wawili wa darasa la sita waliokaa nyuma pale.